Kabla Hujataja Jina la Kocha Mpya

Kijiwe chetu kipo Chikongola, chini ya mwembe mkubwa, hapa Mtwara mjini. Muuza kahawa hufika alasiri na birika lake, kashata zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa, na kwa siku za kawaida kahawa yake hutufikisha hadi baada ya swala ya isha. Siku ambayo klabu kubwa imemfungashia kocha wake virago, kahawa huisha kabla jua halijazama, kwa sababu kila mmoja anakuja na jina lake na hakuna aliye tayari kuondoka kabla jina hilo halijakubaliwa. Yupo anayetaka Mzungu, yupo anayetaka kocha kutoka Afrika Kaskazini, na yupo mzee mmoja ambaye kwa miaka yote hii anamtaka kocha yuleyule aliyekwisha kufukuzwa mara mbili.

Nimeshiriki mijadala hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na ni mara moja tu maneno yangu yaliwahi kugeuka kuwa ajira ya mtu. Ninaieleza habari hiyo kwa sababu ninaona vijana wengi wakibishana leo kwa namna ileile niliyobishana mimi siku ile, na ningependa wajue ilivyonigharimu.

Wakati huo nilikuwa mjumbe wa kamati ya klabu ndogo ya mkoani kwetu, ambayo sitaitaja. Tulikuwa tunacheza ligi ya mkoa na ndoto yetu ilikuwa kuvuka kwenda ngazi ya mabingwa wa mikoa. Kocha wetu aliondoka kwa hiari yake baada ya kupata kazi nyingine, nasi tukakutana katika darasa la shule ya msingi, tumekaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa videvu, tumtafute wa kumrithi. Nilisimama nikamtaja mchezaji wa zamani wa klabu kubwa ya Dar es Salaam, ambaye nilikuwa nimemsikiliza redioni akichambua mechi kwa ufasaha mkubwa. Nilizungumza karibu nusu saa. Nilieleza mabao aliyofunga, nchi alizocheza, na jinsi jina lake peke yake lingeleta wafadhili. Wajumbe walipiga makofi.

Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, hakupiga makofi. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, huyo mtu atafundisha saa ngapi?" Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka pamoja nao, kwa kuwa nilidhani mzee ameanza kuchoka.

Kocha aliwasili mwezi wa Oktoba. Msomaji wa Mtwara au Lindi ameshaelewa tatizo lilipo, lakini kwa faida ya wengine nitafafanua: Oktoba ni katikati ya msimu wa korosho. Karibu nusu ya wachezaji wetu walikuwa watoto wa wakulima wa Tandahimba na Newala, ambao kipindi hicho hupanda kwao kuokota korosho, kuzitenganisha na mabibo, kuzianika na kuzipeleka kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, kisha husubiri mnada na malipo. Wengine wanne walikuwa wavuvi wa Shangani, na ratiba ya mvuvi hupangwa na maji: bamvua likiingia, yeye yupo baharini. Kocha wetu mpya alitaka mazoezi mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, wachezaji wote wakiwapo. Siku ya kwanza walifika tisa. Alikaa juu ya begi la mipira, akatazama saa yake, akaniuliza wengine wako wapi, nami sikuwa na jibu ambalo mtu wa Dar es Salaam angeweza kulielewa.

Isitoshe, aliamini kwamba mpira lazima uanzie kwa kipa na kupanda taratibu kwa pasi fupi. Imani hiyo haina ubaya wowote, ila kipa wetu alikuwa kijana mrefu aliyechaguliwa kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba teke lake lilivuka nusu ya uwanja. Kiatu chake cha kushoto alikuwa akikifunga kwa kipande cha kamba ya kushonea nyavu. Katika mechi ya pili alirudishiwa mpira, kocha akawa anapiga kelele "Cheza! Cheza!", naye akamtazama beki wa kulia, ambaye alikuwa amempa mgongo, akamtazama wa kushoto, na wakati bado anatazama mshambuliaji wa wapinzani alimpokonya mpira miguuni na kuusukumia wavuni. Bao la pili liliingia vivyo hivyo kabla ya mapumziko. Yule kijana alitoka uwanjani huku akilia, na mpaka leo tukikutana sokoni huwa naanza mimi kumwamkia, ingawa ni mdogo kwangu.

Wiki ya sita kocha alipanda basi la alfajiri, akaondoka. Tulikuwa tunadaiwa naye mshahara wa mwezi mmoja na nusu, na tuliulipa kidogokidogo kwa simu hadi Februari. Hakuwa kocha mbaya. Mimi ndiye niliyemtaja mtu kabla ya kuitaja kazi.

Ushauri wangu kwa mashabiki wenzangu unaanzia hapo. Kabla ya kusema unamtaka nani, sema kwanza kazi yenyewe ikoje. Wachezaji waliobaki ni wa aina gani, na mikataba yao inaisha lini? Nani anasajili, ni kocha au ni viongozi? Anaanza mwanzoni mwa msimu au anapokea timu njiani, ikiwa na mechi za kimataifa ndani ya wiki mbili? Ukiyajibu maswali hayo kwa uaminifu, majina mengi yatadondoka yenyewe bila mtu kugombana na mtu.

Wengi wanaposoma wasifu wa kocha hukimbilia kwenye makombe. Mimi nimejifunza kutazama kwanza aliondokaje katika kazi zake zilizopita, alidumu muda gani, na alikuwa na wachezaji wa namna gani mkononi. Kombe lililochukuliwa na timu yenye fedha kuliko wapinzani wake wote halinielezi sana kuhusu uwezo wa mtu huyo akiwa na timu isiyo na fedha. Nafasi ya nne iliyopatikana na timu iliyotarajiwa kushuka daraja inanieleza mengi.

Mfano upo hapa kusini. Namungo ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, na katika msimu huo wa kwanza, chini ya Thierry Hitimana kutoka Rwanda, ilimaliza nafasi ya nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, ambako ilifungwa na Simba mabao 2-1 mjini Sumbawanga. Fainali hiyo ndiyo iliyoipeleka Afrika. Hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika ilipofika mwaka 2021, Hitimana alikuwa ameshaondoka, na benchini alikuwa Hemed Suleiman, ambaye wote tunamwita Morocco. Namungo ilipangwa pamoja na Raja Casablanca ya nchini Morocco, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia, na ikapoteza mechi zote sita. Nakumbuka maneno yaliyosemwa vijiweni kuhusu Morocco wakati ule, mengine hayaandikiki. Ni watu wachache waliojiuliza klabu ya wilayani, iliyo na misimu miwili tu katika Ligi Kuu, ilikuwa na nini cha kuwazuia Raja. Mtu huyohuyo ndiye aliyeiongoza Taifa Stars kufuzu fainali za Mataifa ya Afrika, AFCON, za 2025, na ndiye aliyekuwa kocha timu ya wachezaji wa ndani ilipofika robo fainali ya CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani, mwezi Agosti 2025. Hakuna hata mmoja wetu chini ya mwembe aliyewahi kumtaja.

Upande wa pili wa jambo hili ni subira, na hapa nawageukia zaidi ndugu zangu wa Yanga, kwa kuwa mfano wao ni mzuri. Nasreddine Nabi alifika Aprili 2021. Msimu huo Simba ilichukua ubingwa, tena ikaifunga Yanga katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mjini Kigoma. Septemba mwaka huohuo Rivers United ya Nigeria iliitoa Yanga katika Ligi ya Mabingwa kwa kuifunga 1-0 nyumbani na 1-0 ugenini. Kama mjadala wa kijiwe chetu jioni ile ungekuwa na mamlaka, Nabi angeondoka usiku uleule. Aliachwa aendelee. Msimu uliofuata Yanga ilitwaa ubingwa bila kupoteza mechi ya ligi, na haikufungwa kwenye ligi kwa mechi 49 hadi Ihefu ilipoisimamisha Novemba 2022. Mwaka 2023 aliifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger. Sisemi kwamba kila kocha anayefungwa Septemba atakuwa bingwa Juni, maana wapo ambao walistahili kuondoka mapema zaidi ya walivyoondoka. Ninachosema ni kwamba matokeo ya mechi mbili hayatoshi kutambua kocha huyu ni wa aina gani, na anayedai anatosheka nayo huwa ameshaamua kabla ya filimbi ya kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki hulidharau, nalo ni leseni. Didier Gomes aliipa Simba ubingwa wa 2020/21 na kuifikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, lakini msimu uliofuata ilibainika kwamba cheti chake hakikidhi matakwa ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, kwa kocha mkuu wa mashindano hayo, na klabu ikalazimika kumwongeza mtu mwingine benchini. Naye alikuwa Hitimana yule niliyemtaja. Simba ilishinda 2-0 ugenini Botswana dhidi ya Jwaneng Galaxy, kisha ikafungwa 3-1 Dar es Salaam tarehe 24 Oktoba 2021 na, jumla ikiwa 3-3, kutolewa kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Gomes aliondoka siku mbili baadaye. Siwezi kusema leseni ndiyo iliyofunga mabao yale matatu, ila benchi lenye mashaka ya nani hasa anaongoza si benchi la kupeleka kwenye mechi ya marudiano. Kwa hiyo, mtu akikutajia jina, muulize cheti alichonacho. Utashangaa jinsi mjadala unavyotulia.

Msidharau pia majina msiyoyajua. Simba ilipomtangaza Fadlu Davids mwaka 2024, mzee wetu wa kocha-wa-kufukuzwa-mara-mbili alitema kahawa na kuuliza ni nani huyo. Alikuwa kocha msaidizi wa Raja, na kabla ya hapo aliwahi kuifundisha Maritzburg United, klabu ndogo ya Afrika Kusini, akaifikisha nafasi ya nne. Ndani ya msimu mmoja Simba ilikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane. Miezi michache baadaye Raja ilimrudisha kwake, safari hii akiwa kocha mkuu, na mzee yuleyule akalalamika kwamba tumeibiwa.

Kuhusu majina yanayovuma kwenye simu kila timu inapokuwa haina kocha, nina neno fupi tu. Kocha asiye na kazi ana wakala, na wakala anafaidika jina likitajwa, hata kama klabu haijawahi kumpigia simu. Lisikilizeni, lakini msiligombee.

Ubishi wenyewe siupingi. Utani wa Simba na Yanga ni sehemu ya maisha yetu, na jioni isiyo na ubishi hapa kwetu huwa na msiba. Ila nimewaona ndugu wawili wa Mikindani wakisusiana kwa miezi minne kwa sababu ya kocha ambaye hatimaye hakuja kabisa, na nimewaona watu wazima wakitukana mama za watu. Kwenye kijiwe chetu tuliweka utaratibu ambao nawashauri muujaribu. Muuza kahawa anatunza daftari la shule, lile la kurasa 48. Klabu inapokosa kocha, kila anayetaka kuzungumza anaandikiwa kwanza jina analolipendekeza na sababu moja, ya sentensi moja, inayohusu kazi na si sifa. Daftari linafungwa. Msimu ukiisha linafunguliwa mbele ya watu wote, na ambaye sababu yake haikusimama anawanunulia wenzake kahawa.

Tangu tuanze, sauti zimeshuka, na sentensi zimekuwa zikiandikwa upya mara mbili tatu kabla ya wino kukauka. Mjomba wangu, ambaye sasa haoni vizuri na huandikiwa na mjukuu wake, hajawahi kununua hata kikombe kimoja, kwa kuwa kila mara huandikisha kwamba hajajua bado klabu inataka nini. Tulijadili kama hilo ni jibu halali, na kura zikamwunga mkono. Mimi mpaka sasa ninadaiwa vikombe kumi na moja.