Maswali na majibu: Kutuma notisi si kufundisha

Kila Ijumaa natuma notisi kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Jumatatu wanafunzi wanakuja hawajasoma chochote. Nifanyeje? – Mwalimu, Makete

Swali hili naletewa kila mara, na kila mara jibu ni lilelile: kutuma picha ya ubao si kufundisha. Picha inaingia kwenye simu ya baba aliyeshinda kwenye shamba la viazi. Anarudi jioni bando limeisha, mtoto haioni. Na akiiona, umemwambia aifanyie nini? Tuma kazi ndogo: asome ukurasa mmoja wa kitabu cha kiada, ajibu maswali mawili kwenye daftari. Asiye na simu nyumbani umpe karatasi Ijumaa ileile. Jumatatu anzia kwenye majibu yao. Ukiifundisha mada upya kutoka mwanzo, umeshawaambia kwamba kusoma nyumbani hakuna maana.

Na tafadhali, walimu, kundi la WhatsApp lisiwe kibali cha kuchelewa kipindi. Mtoto aliyekwama anahitaji mtu wa kusimama kwenye dawati lake aone alipokosea.

Mwanangu yuko kidato cha pili. Nimnunulie simu gani? – Mama, Mwanjelwa

Usimnunulie. Atumie yako, sebuleni, wewe ukiwepo.

Kipindi cha mvua mtandao na umeme vinakatika. Si bora tuache kufundisha kwa mtandao? – Mkuu wa shule, Mufindi

Msiache, mkuu. Intaneti inahitajika wakati wa kupakua tu. Siku mtandao ukiwa mzuri, mwalimu apakue video za mada za mwezi mzima, aziweke kwenye flashi na kompyuta ya shule. Kwa vitabu, walimu wazoee Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kusoma ni bure. Mkumbuke Machi 2020: shule zilifungwa ghafla kwa ajili ya korona, madarasa mengi yakarejea Juni 29. Shule isiyojiandaa leo itakwama vilevile.

Hatuna kemikali za kutosha. Video ya taitresheni, lile jaribio la kuongeza asidi kwenye besi kidogo kidogo, inatosha? – Mwalimu wa Kemia, Tukuyu

Haitoshi. Iwaonyeshe hatua kabla ya kuingia maabara, ili wasipoteze muda wala kemikali. Baada ya hapo kila mmoja ashike bureti, ule mrija wenye vipimo, kwa mkono wake, aongeze asidi tone kwa tone mpaka rangi ya njano ya kiashiria cha methyl orange igeuke. Wakiwa wengi, wagawe makundi, kemikali zitumike kwa vipimo vidogo. Kwenye mtihani wa vitendo wa kidato cha nne watapewa bureti, si video.