Pointi 7, lakini si 7 juu ya 20

Barua za mwezi huu zimeangukia jambo moja: makala za madaktari wetu watafiti, na zile namba wanazozionyesha kwenye simu. Mimi si daktari. Nimezeekea maktaba ya shule moja ya wauguzi hapa Bukavu, nikiwatafutia wengine makala, na majibu yangu ni ya mtu wa maktaba.

Mtoto wangu ni daktari, sasa miaka 6 anaandika makala. Alinionyesha ukurasa wake wa Google Scholar, akisema "h yangu ni 7", anacheka kwa furaha. Mimi niliacha masomo la sita, lakini najua 7 juu ya 20 ni kuanguka. Ananidanganya? (Mama muuza sambaza, Kadutu)

Hakudanganyi, Mama. Hii 7 haina 20 chini yake. Tuihesabu kwa sambaza. Panga wateja wako kuanzia yule anayerudi sana hadi anayerudi mara moja moja. Wa kwanza amerudi mara 40, wa pili 22, wa tatu 15, unashuka hivyo hivyo. Ukifika wa saba ukakuta naye amerudi mara 7 au zaidi, na wa nane amerudi mara 5 tu, simama hapo: h yako ni 7. Kwa mtoto wako, wateja ni makala alizoandika, na kurudi ni kutajwa, yaani mtafiti mwingine anapoandika ya kwake na kuonyesha kwamba ameegemea ya mtoto wako. Aliyebuni hesabu hii mwaka 2005, Jorge Hirsch, ni mwanafizikia wa California, wala hakuwa akifikiria waganga wa Kivu.

Ila usiitangaze soko zima. Namba hiyo haishuki hata mtu akilala miaka 10, kwa hiyo wazee wanayo kubwa kwa sababu ya uzee tu. Aliyeandika makala moja, hata itajwe mara 10.000, h yake ni 1. Na anayechunguza ugonjwa wa nchi tajiri hutajwa upesi kuliko anayechunguza konzo, ule unaopooza miguu ya watu wanaokula mihogo michungu isiyolowekwa vizuri. Si kwamba kazi yake ni ndogo. Wanaoandika juu ya konzo ni wachache, basi wa kumtaja nao ni wachache.

Mwulize pia jina lake ameliandikaje. Sisi tuna jina, jina la pili na la ubatizo, na kila jarida hulipindua linavyotaka. Nimewahi kumkuta daktari mmoja amegeuka watu watatu kwenye mashine, kila mmoja ametajwa mara chache. Dawa yake ni ORCID, namba ya tarakimu 16 inayomfuata mtafiti popote, na ni ya bure. Zaidi ya hapo, kijana wa hapa mwenye 7 baada ya miaka 6, mimi ningempikia.

Nimepokea barua pepe: "Mheshimiwa Profesa", jarida la kimataifa linataka makala yangu, litaitoa kwa siku 4, dola 350. Mimi ni asistanti tu, natafuta machapisho ili niwe CT (chef de travaux), cheo kinachofuata. Nilipe? (Ibanda)

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Jarida lililokupa uprofesa kabla ya chuo chako linataka dola, halitaki makala. Mimi mwenyewe, mkutubi, niliwahi kuombwa niwe mhariri wa upasuaji wa meno!

Makala ya kweli husomwa kwanza na wataalamu wenzako wanaotafuta mahali ulipokosea, na hilo huchukua wiki nyingi, mara nyingi miezi. Kulipa peke yake si dhambi. Majarida ya heshima yanayosomwa bure nayo hutoza waandishi, mengine maelfu ya dola, lakini mengi huwasamehe au kuwapunguzia walioko nchi kama yetu. Uliza kabla ya kutuma. Tazama kama jarida limo katika DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure, iliyoanzia chuo kikuu cha Lund, Uswidi, mwaka 2003. Usitishwe na "kipimo cha athari" walichojibandikia wenyewe. Kile halali huchukua makala ambazo jarida lilitoa miaka miwili iliyopita, kikahesabu zimetajwa mara ngapi mwaka huu, kikagawanya kwa idadi ya makala hizo. Ni sifa ya jarida. Makala yako inaweza kukaa humo isiguswe na mtu.

Profesa wetu anasema iliyotajwa sana ndiyo ya kuaminika. Kweli? (Mwanafunzi, Lubumbashi)

Mwambie kwa heshima akumbuke Andrew Wakefield. Mwaka 1998 aliandika katika The Lancet, jarida la tiba, juu ya watoto 12, akitia watu hofu kwamba chanjo ya surua inahusiana na usonji. Jarida liliiondoa makala hiyo mwaka 2010. Imetajwa sana, na wengi wameitaja kwa kuikosoa; mashine inayohesabu haisikii tofauti ya sifa na matusi. Upande mwingine kuna makala ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, imetajwa zaidi ya mara 300.000, nayo inafundisha tu namna ya kupima protini maabara. Ni kama sufuria: kila mpishi analo, hakuna anayelisifia.

Eugene Garfield, aliyependekeza mwaka 1955 faharasa ya kutajwa, yaani orodha ya nani amemtaja nani, alitaka msomaji aweze kufuata makala aone nani ameitumia na nani ameipinga. Kupandishana vyeo kwa hesabu hiyo kulikuja baadaye, na kwa maoni yangu ndiko kulikoiharibu.

Makala yangu ya Kifaransa haitajwi. Nibadili lugha? (Lubumbashi)

Iandike kwa Kiingereza itajwe, na uache muhtasari wa Kifaransa kwa ajili ya mganga wa Kasenga atakayeihitaji kesho asubuhi.

Mwaka 2019 nilikuwa muuguzi kituo cha Ebola, Butembo. Sasa niko Goma. Tulijaza fomu usiku na mchana ndani ya yale mavazi yanayochemsha mtu. Makala imetoka, dunia nzima inaitaja. Majina yetu yako wapi?

Yaya, barua yako nimeisoma mara tatu. Nadhani unasema jaribio la dawa za Ebola liitwalo PALM, lililotoka katika New England Journal of Medicine mwishoni mwa Novemba 2019. Wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, dawa nne, kila mgonjwa akipata yake kwa kura. Waliopewa ZMapp walikufa 49,7 kwa mia, wa remdesivir 53,1, wa mAb114 35,1, wa REGN-EB3 33,5. Hizo mbili za mwisho zilipata kibali Marekani mwaka 2020. Makala imetajwa zaidi ya mara 1.000, na jina la kwanza juu yake ni la Mkongomani, Sabue Mulangu. Nalitanguliza hilo kwa sababu wapo huku wanaoapa kwamba majina yetu hayatangulii kamwe.

Lakini kila namba niliyoandika hapo juu ilitoka kwenye fomu. Kanuni ambayo majarida mengi ya afya huifuata inataka mambo manne kwa mtu kuitwa mwandishi: awe na mchango mkubwa katika kubuni kazi, kukusanya takwimu au kuzichambua, ashiriki kuandika au kusahihisha, akubali toleo la mwisho, awe tayari kuwajibika kwalo. Yote manne. La kwanza linaweza kuwa ulilitimiza kwa jasho. La pili linataka uitwe mezani. Kanuni hiyo hiyo inasema aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kutimiza mengine, na hapo ndipo wakubwa wengi wanapoacha kusoma.

Jambo hili halianzi na wewe. Mwaka 1976 daktari wetu Mkongomani, Jean-Jacques Muyembe, alifika Yambuku kwenye ugonjwa uliokuwa haujajulikana, akawatoa wagonjwa damu bila glovu, akaondoka na mtawa mgonjwa hadi Kinshasa, na damu ya mtawa huyo ikapelekwa Antwerp. Kwa miaka mingi ulimwengu ukisimulia ugunduzi wa Ebola ulimtaja Peter Piot, kijana wa maabara ya Antwerp; aliyeshika sindano aliachwa pembeni ya hadithi. Mwaka 1995, Kikwit, Muyembe na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya waliopona, na 7 wakaishi. Makala ilitoka 1999, wengi wakaitilia shaka: watu 8 tu, hakuna wa kulinganisha nao. Basi ujue mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka huo wa 1995. Pengine wewe mwenyewe uliitundika juu ya kitanda cha mgonjwa.

Safari nyingine, kabla ya fomu ya kwanza, omba kuona katika mpango wa utafiti nani ataandika, na wauguzi watatajwa wapi. Omba kwa maandishi. Kuwekwa kwenye shukrani hakuhesabiwi na Google Scholar, lakini jina lako litakuwa limechapishwa, na kwenye barua ya kuomba kazi unaweza kulionyesha.

Kutajwa kunamponya nani? (Muuza dawa, Panzi)

Peke yake hakumponyi mtu. Ila tazama Kamituga, jirani zetu. Kuanzia Septemba 2023 watu walilazwa na vipele, na watafiti, akiwemo Emmanuel Vakaniaki aliyetangulia katika orodha ya waandishi, wakaeleza katika jarida la Nature Medicine, Juni 2024, wagonjwa 241 walioshukiwa, 108 wakathibitishwa kwa vipimo, na tawi jipya la mpox linaloenea kwa ngono. Tarehe 14 Agosti 2024 OMS, shirika la afya la dunia, ilitangaza dharura ya dunia. Hata Dkt. Mukwege wa hapo kwenu, mbali na upasuaji, mwaka 2009 aliandika na Cathy Nangini katika PLoS Medicine juu ya ubakaji wa kikatili Kivu Kusini, wakiuita ugonjwa mpya. Mtu akisema mbele ya wakubwa hujibiwa "umesikia wapi?" Makala humpa cha kujibu.

Nataka kusoma hizo makala, zinaniomba dola 40. (Mwanafunzi, Nguba)

Usilipe. Anza PubMed Central, hazina ya makala za afya mtandaoni, za humo ni bure. Uliza maktaba ya chuo chako kama wana neno la siri la Hinari, mpango wa OMS tangu 2002 unaofungua makala za afya kwa nchi kama zetu. Mara nyingi wanalo na hakuna anayeliuliza. Ikishindikana, kwenye ukurasa wa kwanza kuna anwani ya mwandishi. Mwandikie mistari mitatu, useme unasoma nini na wapi. Wanapenda kuombwa kuliko unavyodhani. Faili likija, lipakue mara moja tu, ulihifadhi kwenye simu, mega zisiishe kwa kulifungua kila siku.