Nyuki wanazunguka tu kisha hao, nimekosea wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mwaka jana nilipanda maua ya dafodili, zile zenye petali nyingi zilizojaa kama waridi, nia yangu ilikua nisaidie nyuki wakitoka winta (msimu wa baridi). Zimechanua vizuri mno, kila anayepita anapiga picha, ila nyuki wanakuja wanazunguka kidogo alafu hao, wameenda zao. Kwani shida nini?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, maua ni mazuri ila chakula ndo hamna. Zile petali za ziada hazikutoka hewani, kwenye maua ya aina hiyo nyingi ni stameni zilizogeuka petali, na stameni ndo zinabeba chavua, ule unga wanaokula nyuki, kwa hiyo umemkaribisha mgeni mezani na sufuria iko tupu, na hata kama chini kuna nekta (maji matamu ya ua) kidogo mdomo wake haufiki maana petali zimeziba njia. Hata dafodili za kawaida za madukani nyuki wengi hawazihangaikii.

Na mwanzoni mwa springi, baridi ikiisha, njaa sio mchezo. Wale nyuki wanene wenye manyoya wanaovuma kama pikipiki, koloni lao, yaani familia nzima, hufa lote kabla ya winta, wanabaki malkia wachanga tu ambao walishakutana na madume, kila mmoja anajichimbia kivyake udongoni analala miezi na miezi. Akiamka mafuta mwilini yamebaki kidogo, anataka nekta apate nguvu ya kuruka na chavua ili mayai yakomae, na hana mfanyakazi hata mmoja, kutafuta kiota yeye, kulisha watoto wa kwanza yeye. Akifa wiki hizo koloni lote la kiangazi limeenda naye. Nyuki wa asali wao hawalali, wanajikusanya mzingani kama mpira wanapashana joto, lakini nao asali inaweza kuwaishia winta ikielekea mwisho kwa sababu malkia ameshaanza kutaga na watoto wanakula.

Sasa panda nini? Maua yanayochanua mapema: snodropu, krokasi, pulmonaria, na sila yenye maua ya bluu (hii mi naipenda kupita zote, chavua yake nayo ni ya bluu, utamwona nyuki amebeba vifurushi vya bluu miguuni utadhani kakanyaga rangi). Kama una nafasi weka mti wa mwerebi dume, dume eeh, maana mwerebi jike una nekta ila hauna chavua, na mti mmoja ukichanua unalisha nyuki wengi kuliko vyungu vyako vyote. Vitunguu vya krokasi, snodropu na sila (sio vya kupikia, ni vile vya chini vinavyoota ua) vinafukiwa kabla ya winta, kina mara 2 au 3 ya urefu wa kitunguu chenyewe, kwa hiyo mwaka huu umeshachelewa labda ununue vilivyoota tayari kwenye chungu. Viweke kwa mafungu sio kimoja kimoja, na viwe juani, krokasi kukiwa na baridi au mawingu inajifunga na nyuki anakuta mlango umefungwa. Ukiwa huna hela kabisa basi acha tu dandelaioni, yale magugu yenye maua ya njano, zichanue kabla hujatoa mashine ya kukatia majani, majirani watasema bustani chafu, waache waseme.

SWALI: Vidukari, wale wadudu wadogo wanaonyonya utomvu wa mimea, wameanza kuvamia machipukizi. Nikipulizia dawa alfajiri kabla nyuki hawajatoka si itakua salama?

JIBU: Inategemea dawa. Kuna zile zinazonyonywa na mmea mzima, hizo hata ukipulizia usiku wa manane zinafika kwenye nekta na chavua na nyuki atazinywa baada ya siku kadhaa, ndo maana Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ulipiga marufuku dawa 3 za aina hiyo kutumika kwenye mimea iliyo nje, mahali pa wazi: imidacloprid, clothianidin na thiamethoxam. Vidukari wapige maji ya mpira kwa nguvu, wengi wakishaanguka hawarudi, na ukivumilia kidogo wale wadudu wekundu wenye madoa meusi watakuja kuwala wenyewe. Alafu ukinunua miche yenye maua muulize muuzaji ilipuliziwa nini kabla, akianza kuzungukazunguka na jibu rudisha chungu chake.