Kabla ya Kubishania Upana wa Barabara, Chukueni Chokaa

Kwa wiki tatu majirani zangu waligawanyika kwa sababu ya mita moja na nusu. Barabara yetu, ile inayopita kando ya Bwawa la Nairobi upande wa Lang'ata, ilikuwa imechimbika hadi lori la maji likakataa kuingia, na sasa itajengwa upya. Wengine walitaka lami ya mita 7, wengine mita 5.5. Kikao cha kwanza kilijaa kelele hadi mwenyekiti akakivunja kabla ya sala ya kufunga.

Mita 7 zilinitia hofu, na hofu yenyewe haikutoka hewani. Mtaa niliokuwa nikiishi zamani ulipanuliwa barabara hivyo hivyo. Miti ilikatwa, njia ya miguu ikamezwa na lami, na mwezi haukuisha madereva wakaifanya njia ya panya ya kukwepa foleni. Mtoto wa jirani aligongwa akirudi na pakiti ya maziwa. Alipona, namshukuru Mungu, lakini hadi leo nikisikia breki zikilia nje lazima nitoke nikaangalie.

Ushauri wangu kwa mtaa wowote ulio na mzozo kama huu: tokeni kwenye makaratasi. Jumamosi moja tulinunua chokaa, tukaazima tepu ya fundi, tukachora mistari chini, kwanza ya mita 7, kisha ya mita 5.5. Tukaomba dereva wa lori la maji apite, na pikapu ije kutoka upande wa pili. Lori lina upana wa karibu mita 2.5. Ndani ya mita 5.5 walipishana polepole, kioo kwa kioo, na hakuna aliyekanyaga chokaa. Kisha tukawaambia watoto wasimame pale ambapo mstari wa mita 7 ungefika. Walisimama wakiwa wameegemea ukuta, hawana pa kwenda. Mama mboga wa kona, ambaye kikaoni hakuwa amesema neno, aliuliza, "Sasa mimi nitapita wapi na karai langu?" Hapo kelele zikapungua.

Msichanganye lami na hifadhi ya barabara, yaani ardhi yote iliyotengewa barabara. Kwetu hifadhi ni mita 9, kutoka kigingi hadi kigingi, na vitu vyote lazima vitoshe humo: lami, njia ya miguu, mtaro. Itisheni ramani mapema, kwa maandishi. Ushirikishwaji wa wananchi umo katika Katiba ya 2010, kifungu cha 10, kwa hiyo hamuombi hisani ya mtu.

Kuna jirani aliyetetea mita 7 kwa uchungu. Usiku mama yake alipozidiwa, ambulensi ilikwama mbali na lango kwa sababu magari yalikuwa yameegeshwa pande zote mbili. Msimpuuze mtu kama huyu. Tulimsikiliza, tukakubaliana kwamba mita 5.5 zitafaa tu ikiwa kila mtu ataingiza gari ndani ya lango. Wenye magari mawili walinung'unika, na nadhani tutarudi kwa jambo hilo tena.

Halafu kuna maji. Bwawa lilijengwa mwaka 1953, na kwa miaka mingi limesongwa na gugu maji na taka. Kila tone la mvua linaloanguka kwenye barabara yetu huteremkia huko. Barabara yetu ina urefu wa mita 400. Ongeza mita 1.5 za lami, upate mita za mraba 600. Mvua ya milimita 50 ikinyesha, hizo peke yake zinamwaga lita 30,000, yaani malori matatu ya maji ya lita 10,000, pamoja na oili na plastiki. Mafuriko ya 2024 hatujayasahau. Kwa hiyo upande wa bwawa msiuongezee lami. Wekeni mtaro wenye nyasi, maji yapungue kasi na kuzama ardhini.

Tulichoandika mwishoni ni hiki: lami mita 5.5, njia ya miguu ya kabro (matofali ya saruji) mita 2 upande wa nyumba, mtaro mita 1.5 upande wa bwawa. Jumla mita 9. Wahandisi wanakuja Jumanne. Mvua ya juzi imefuta chokaa, kwa hiyo Jumatatu jioni tunachora upya.