Keki za mwezi za Wachina, asili yake nini?

SWALI: Habari zenu wahariri, mdogo wangu anasoma Guangzhou, kila ikifika Septemba anatutumia picha za keki za duara zenye maandishi juu, anasema ni sikukuu ya mwezi. Hivi wanaabudu mwezi au ni mavuno tu?

JIBU: Aisee swali zuri, na vyote viwili vimo. Zamani sana wafalme wa China walikuwa wanautolea mwezi sadaka wakati wa vuli, na wakulima nao ndo walikuwa wamemaliza kuvuna kwahiyo chakula kipo na watu wana raha, ikaja kukomaa kama sikukuu ya wote enzi za tawala za kifalme za Tang na Song. Inaangukia tarehe 15 ya mwezi wa nane kwa kalenda yao, mbalamwezi ikiwa imejaa kabisa, ndo maana kwetu tarehe inahama, 2024 ilikuwa 17 Septemba, 2025 ikawa 6 Oktoba.

Halafu kuna hadithi ya Chang'e, mke wa Hou Yi yule mpiga mishale aliyedungua majua tisa kati ya kumi, mama huyo akanywa dawa ya kutokufa akapaa mpaka mwezini, mume akabaki chini anamtazama. Inaniuma kila nikiisoma!

Hizo keki ndani zina mbegu za yungiyungi zilizosagwa na kiini cha yai la chumvi, ni nzito mno, moja inakatwa vipande mnagawana familia nzima. Ule uduara ndo maana yake kukutana.