Boli kavu au boli ya grisi: maneno kwa wanaoanza kukokota karavani

Wadogo zangu, naandika hivi nikiwa nimekunja uso kidogo. Kila msimu ni yale yale. Mtu ana karavani safi, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, amelipia kichwa (kifungio cha mbele ya karavani) chenye stebilaiza ya kuzuia kuyumba, halafu anachota grisi kidole kizima na kuipaka boli, ile tufe ya chuma nyuma ya gari, kama anampaka mtoto mafuta baada ya kuogeshwa. Ukimuuliza, anajibu kuwa chuma kwa chuma lazima kilainishwe, mzee wake ndivyo alivyomfundisha. Mzee hakukosea. Ila alikuwa anasema habari za kichwa chake yeye.

Nitajaribu kwenda kwa namba, mnivumilie zikinitoroka.

1. Jua kichwa ulichonacho kabla hujagusa boli.

Kichwa cha kawaida ni kikombe cha chuma kinachokaa juu ya boli, na chini yake taya inayoishika isichomoke. Hapo grisi inatakiwa, tena utando mwembamba tu, na ile ya zamani ifutwe kwanza kwa sababu imeshabeba mchanga. Grisi yenye mchanga ni msasa unaozunguka.

Kichwa chenye stebilaiza, kama AKS 3004 ya AL-KO au WS 3000 ya Winterhoff, kina pedi za msuguano ndani, ndugu zake pedi za breki. Ukishusha mpini, pedi zinaibana boli ili karavani isigeuke kirahisi kulia na kushoto. Kazi yote ya kifaa kile ni msuguano. Boli yake iwe kavu: hakuna grisi, hakuna mafuta, hakuna rangi. Kama hujui una kipi, soma jina lililochapwa juu ya kichwa, kisha chungulia ndani kwa tochi. Ukiona pedi, weka kopo la grisi mbali.

2. Sasa kosa lenyewe, maana hili ndilo linaloniuma.

Kosa la grisi halionekani siku unapolifanya. Unapaka, unashusha kichwa, kinaingia laini kuliko siku zote. Kiashirio cha kijani cha kichwa, kinachoonyesha boli imeshikwa, kinatokea. Mpini wa stebilaiza unashuka na kubana vilevile, kwa sababu mpini unapima umbali uliosogea, haupimi msuguano. Ukiwa umesimama, kila kitu kinakwambia umefanya vizuri. Wengi wetu tulio kwenye kazi hii tumepita hapo, tukashika kiuno na kujisifu.

Pedi, kwa upande wake, zinakunywa. Grisi inaingia kwenye nyenzo yake na joto la safari linaisukuma ndani zaidi. Baada ya muda uso wa pedi unang'aa kama kigae, na hapo kelele huanza: kila kona, kila tuta, kichwa kinalia kwii, kwii, mpaka abiria wanageuka kuangalia nyuma. Na hapa ndipo msiba unapokamilika. Mwenye gari anasikia kelele, anakumbuka kwamba dawa ya kelele ni grisi, anaongeza. Kelele inakatika! Anaondoka anapiga mluzi, na tangu dakika ile anakokota karavani yenye stebilaiza iliyokufa, huku moyoni akiamini iko hai. Mwenye kichwa cha kawaida huenda polepole kwa sababu anajua hana msaada. Huyu wa pili anakwenda kasi kwa msaada ambao haupo.

Hali hiyo inaweza kukaa miezi bila kujionyesha. Halafu siku moja, kwenye mteremko, lori kubwa linapita kasi. Upepo wake unaisukuma karavani pembeni, kisha unaivuta, na mkia unaanza kupiga. Pedi zilizo hai zingekula nguvu ya ule mpigo wa kwanza. Pedi zenye grisi zinauachia, mpigo wa pili unakuja mkubwa kuliko wa kwanza. Dereva mgeni anakanyaga breki za ghafla au anapigana na usukani, na vyote viwili vinaongeza mchezo. Kinachotakiwa ni kuachia pedeli ya mafuta, kushika usukani wima na kuacha mwendo ushuke wenyewe.

Kuirudisha hali si kazi ya kitambaa. Pedi zilizochafuka juu juu, kwa vumbi au masalia ya rangi, zinasuguliwa kwa msasa. Zilizokunywa grisi hubadilishwa, basi. Usizimwagie tina ya rangi ukidhani utazifua. Hapo utakuwa unaisambaza grisi na kuiharibu nyenzo yenyewe. Na kabla ya pedi mpya kuingia, safisha kikombe chote kwa ndani na uisafishe boli hadi iwe tupu, kwani nimeona pedi mpya zikifungwa juu ya boli ile ile yenye mafuta. Hizo zilikufa safari ya kwanza, zikiwa bado zina harufu ya boksi.

Mwenye gari moja na tela mbili, karavani yenye stebilaiza na kitela cha boti chenye kichwa cha kawaida, ndiye anayenaswa zaidi. Jumamosi boti, Jumapili karavani, boli ni ile ile. Kila unapotoka kwenye boti, boli inaoshwa upya. Hakuna njia ya mkato.

3. Kuiandaa boli mpya.

Boli nyingi hutoka dukani zimepakwa rangi nyeusi, au zina ule utando wa kijivu unaozuia kutu. Kwa stebilaiza vyote viwili vitoke, la sivyo vitabanduka taratibu na kuganda kwenye pedi. Chukua msasa namba 200 hadi 240, uzungushe boli kwa mkono pande zote mpaka chuma king'ae sawasawa. Usitumie grenda wala tupa. Dakika moja ya grenda inaacha bapa ambalo halitarudi kuwa duara. Shingo iache na rangi yake, huko pedi hazifiki na kutu inafika.

Kisha kitambaa chenye tina, spiriti au dawa ya kusafishia breki. Futa, geuza kitambaa, futa tena, na umalizie na kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka na weusi, rudia. Dizeli, mafuta ya taa na ile dawa ya kopo ya kulegeza nati zilizoshika kutu hazifai hapa, zote zinaacha mafuta nyuma yake.

Boli tupu itashika kutu ya juu juu, pengine usiku huo huo kukiwa na unyevu. Usihangaike. Kabla ya kufunga, msasa raundi mbili na kitambaa, umemaliza.

4. Pima kwa venia (kipimio cha unene), usipime kwa jicho.

Boli ya karavani Ulaya ni milimita 50. Marekani wana inchi 2, yaani milimita 50.8, na wana nyingine za inchi 1 7/8 na inchi 2 5/16. Australia wana ya milimita 50 na ya milimita 70 kwa mizigo mizito. Milimita 0.8 inaonekana si kitu, lakini boli ya inchi 2 chini ya kichwa cha milimita 50 inaweza isikae hadi mwisho, na boli ya milimita 50 chini ya kichwa cha inchi 2 inacheza na kugonga. Soma namba iliyopigwa juu ya boli na iliyopigwa kwenye kichwa. Zifanane.

Boli mpya ya 50 inaruhusiwa kuwa kati ya 49.61 na 50. Ikishuka hadi 49.0, inatupwa. Pima tumboni, penye unene wa mwisho, mara mbili: mbele kwenda nyuma, kisha kulia kwenda kushoto. Boli huliwa zaidi mbele na nyuma, kwa sababu huko ndiko nguvu ya kuvuta na kufunga breki inakopiga. Anayepima upande mmoja, kulia na kushoto, atapata 49.8 na kufurahi, kumbe mbele na nyuma imeshakuwa yai. Na boli iliyoliwa huifanya stebilaiza ionekane imekwisha pedi, maana mpini unashuka mbali kupita alama. Wangapi wamenunua pedi wakati mgonjwa ni boli!

Pitisha na kidole. Mikwaruzo na mifereji mara nyingi inatokana na rafu za baiskeli zinazobana kwenye boli. Hizo nazo zinasimama kwa msuguano, kwa hiyo grisi ni adui yake pia.

5. Bolti na toba (ya gari, yaani chuma cha nyuma kinachobeba boli, si ile ya dhambi).

Boli ya kufungwa kwa bati huwa na matundu mawili yaliyoachana milimita 90, bolti za M16 daraja 8.8, zikikazwa kwenye 195 hadi 200 Nm hivi, ila namba ya mtengenezaji wa toba yako ndiyo inayotawala. Tumia toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Kaza upya baada ya safari ya kwanza, kwa sababu rangi iliyobanwa katikati ya bati hujibonyeza na bolti kulegea bila nati kuzunguka hata kidogo. Nati za kujibana zikifunguliwa, weka mpya.

6. Shingo.

Kwa AKS, kutoka katikati ya boli hadi kwenye uso wa bati inakofungwa kunatakiwa angalau milimita 60. Boli fupi ya kawaida itakifanya kichwa kigonge bati gari linapopanda kingo au kuingia shimoni. Zipo boli za shingo ndefu kwa kazi hiyo. Usirefushe kwa kuweka vipande vya chuma nyuma ya bati. Hayo mambo tuyaache.

7. Boli ya kuchomoa.

Futa pale inapoingia, kila mara, maana chembe moja ya mchanga inatosha kuzuia kufuli isikae. Alama iwe kijani, ufunguo utoke. Ufunguo usipotoka, boli haijafunga, hata kama inaonekana imekaa. Ikichomolewa ilale pakavu ndani ya kitambaa, na tundu lake lizibwe kwa kifuniko chake. Kama kitabu kinataka grisi kidogo kwenye kufuli, iwe kwenye kufuli, na mikono ioshwe kabla hujaishika boli.

8. Uzito wa pua.

Huu ni uzito ambao pua ya karavani inaikandamiza boli. Ulaya tunazungumzia asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani iliyopakiwa, Marekani 10 hadi 15. Juu yake kuna kikomo cha gari, kikomo cha toba, ambacho ni ile S kwenye kibandiko chake, na kikomo cha kichwa cha karavani. Kilicho kidogo kuliko vyote ndicho chako. Kwa hiyo gari likiruhusu kilo 100 na toba kilo 75, una 75. Mizani ya bafuni na kipande cha mbao chenye kimo sahihi vinatosha, mradi karavani iwe imelala sawa na tambarare. Katikati ya boli, gari likiwa limepakiwa, kuwe milimita 350 hadi 420 kutoka ardhini.

Pua nyepesi huleta kuyumba ambako stebilaiza yoyote, kavu na safi namna gani, haitakuponya. Ondoa mizigo mizito nyuma kabisa, iweke chini karibu na ekseli.

9. Kufunga.

Shusha kichwa kwa gurudumu la pua (lile dogo la mbele ya karavani), sikia mlio, tazama kijani. Kisha lizungushe gurudumu upande wa kunyanyua hadi mkia wa gari unyanyuke kidogo. Gari likinyanyuka pamoja na karavani, kimeshika. Kijani peke yake kisikutoshe. Mpini wa stebilaiza unafuata baada ya hapo, halafu gurudumu la pua linakunjwa na kukazwa kabisa.

Waya wa breki ya dharura ufungwe kwenye tundu lake maalumu la toba. Usiuninginize kwenye boli kama kanga kwenye kamba, kwa sababu kichwa kikichomoka waya nao utaruka, handibreki haitavutwa, na karavani itakwenda inakotaka. Uwe mrefu wa kutosha kona, mfupi wa kutosha usisugue lami.

10. Kifuniko.

Boli isiyofungwa ivalishwe kifuniko cha plastiki. Lakini kabla hujakivalisha, kigeuze na kukitazama ndani. Kile ulichokuwa ukitumia enzi za grisi bado kimejaa grisi, na kitaipaka boli uliyoihangaikia asubuhi nzima. Kioshe kwa sabuni na maji ya moto, kikaushe, au nunua kingine. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye karavani.