Spacio inakula mafuta, mashine imetoa P0135 na P0171: pima kwanza kabla hujanunua sensa

Mkuu, umesema Spacio yako ya 2002 yenye 1NZ-FE ipo hapo Tanga mjini, taa ya injini inawaka, mashine ya kusomea hitilafu imetoa namba P0135 na P0171, inakunywa mafuta, plagi zimetoka nyeusi, na fundi anataka ununue sensa mbili za oksijeni. Usitoe hela kwanza. Hizo namba mbili hazisemi jambo moja, na sensa ya nyuma haijatajwa popote.

P0135 ni hita ya sensa ya mbele, ile iliyo kabla ya masega (kichujio cha moshi kwenye ekzosi). Sensa haisomi mpaka ipate joto la nyuzi 300 na ushee, na hita ndiyo inayoiwahisha. Ikifa, kompyuta inakaa muda mrefu ikimimina mafuta kwa kukadiria, hasa kwa safari fupi fupi za mjini. Injini ikiwa baridi, chomoa soketi ya sensa, weka mita kwenye omu, pima waya mbili za rangi moja: Denso ni nyeusi mbili, Bosch ni nyeupe mbili. Sensa ya kawaida ya Toyota inasoma omu 11 hadi 16 kwenye nyuzi 20. Kwa joto la Tanga ikizidi kidogo usishtuke. Mita isiposoma kitu, hita imekatika, nunua. Ikisoma omu moja hadi tatu hivi, huenda hiyo ni sensa ya A/F, aina nyingine inayopima uwiano wa hewa na mafuta. Kwa sura ni zilezile, lakini kipimo cha volti hapo chini hakiihusu.

Hita ikiwa nzima, fungua swichi bila kupiga stata, pima soketi ya upande wa gari. Waya mmoja wa hita lazima uwe na volti 12. Hakuna? Tafuta fuzi au waya uliokatika. Kwa gari inayolala Raskazone au Mwambani, chungulia pini zenyewe, maana chumvi huzila zikaota kutu ya kijani. Safisha kwa dawa ya kusafishia umeme, usipake grisi. Sensa nyingi huvuta hewa safi ya kulinganishia kupitia ndani ya waya zake, ndiyo maana pia waya hizo haziungwi kwa risasi.

Sasa P0171. Kompyuta inadai hewa ni nyingi kuliko mafuta, na huku plagi zako ni nyeusi. Hapo ndipo penye jibu lako. Injini yenye njaa ya kweli ya mafuta haipaki plagi masizi. Sensa haipimi petroli, inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Gasketi ya manifoldi ya ekzosi ikivuja kabla ya sensa, moshi hutoka kwa mapigo, na katikati ya mapigo hewa ya nje hufyonzwa ndani. Sensa inaripoti hewa hiyo kwa uaminifu, kompyuta inaongeza mafuta, tanki linakauka. Silinda inayomisi nayo huleta uongo uleule. Kwa hiyo asubuhi injini ikiwa baridi, washa, mtu azibe bomba la nyuma kwa tambara nene sekunde chache, wewe sikiliza mlio wa "tss" juu na utafute alama za masizi kwenye maungio. Mafundi wengi huruka hatua hii kwa sababu haina mashine.

Ekzosi ikiwa safi, ndipo upime sensa. Chemsha injini, shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika mbili, kisha tumia mita ya dijitali kati ya waya ya ishara na ya ethi. Kwa Denso ni bluu na nyeupe. Volti iruke kati ya 0.1 na 0.9, mara nane au zaidi kwa sekunde kumi. Ikiganda, chomoa hosi ya vakyumu kisha uirudishe: sensa nzima itashuka na kupanda haraka. Inayojikokota imechoka. Usipime omu kwenye waya ya ishara.

Sensa ya nyuma iache. Kazi yake kubwa ni kuchunga masega, na kama yalishatolewa, hata ya dukani mpya itarusha volti vilevile.

Ukilazimika kubadilisha, legeza sensa wakati injini ni vuguvugu, spana 22 kwa ya uzi (inayojisokota yenyewe), au 12 kwa ya nati mbili, na hiyo ya nati iwekewe gasketi mpya. Kaza ya uzi kama Nm 44. Gundi ya silikoni isiyo ya sensa isikaribie, mvuke wake huziua.

Futa namba, endesha Kange hadi Muheza na kurudi, kisha usome kwenye mashine marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (long term fuel trim), yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta. Ndani ya asilimia 10 ni sawa. Yakiwa juu kwenye sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta) na kushuka kwenye 2,500, hewa inaingilia upande wa inteki (njia ya hewa kuingia kwenye injini), kagua hosi za vakyumu na gasketi yake.